Hotuba ya Kumpongeza Mzee Koli

Leo tumekutana kumsifu kiumbe ambaye hajawahi kutajwa kwa wema katika hafla yoyote, ingawa hakuna kliniki ya mbwa isiyomjua. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kumnyonga tumemnyonga sana, kwa vidonge na kwa sindano. Haki yake ndiyo bado.

Namzungumzia bakteria wa UTI ya mbwa. Naona wengine mmekunja uso, kwa sababu huku kwetu UTI tumeifanya mali ya binadamu: mtu akienda zahanati na homa, akikosa malaria atapewa UTI, akikosa UTI atapewa taifodi. Tunasahau kwamba yule anayelala getini usiku kucha akibwekea pikipiki za watu naye ana kibofu, na kibofu hicho kina wapenzi wake.

Tuanze na nasaba, maana sifa bila ukoo ni umbea. Kiongozi wa msafara ni Escherichia coli, ambaye kwa heshima ya umri na cheo nitamwita Mzee Koli. Mkojo wa mbwa mgonjwa ukioteshwa maabara, ndiye anayejitokeza mara nyingi kuliko mwenzake yeyote. Aliandikwa kitabuni kwa mara ya kwanza mwaka 1885 na Theodor Escherich, daktari wa watoto aliyekuwa akichunguza vinyesi vya vichanga huko Munich, Ujerumani. Jina la ukoo alipewa mwaka 1919 na Aldo Castellani na Albert Chalmers. Huyo Castellani si mgeni kwetu: mwaka 1903 alikuwa Entebbe, Uganda, akiwasaka vimelea wa malale. Kwa hiyo mmoja wa waliomwandikia Mzee Koli cheti cha kuzaliwa aliwahi kupigwa na upepo wa Ziwa Viktoria.

Nyuma yake wamo Staphylococcus pseudintermedius, mkazi wa kudumu wa ngozi ya mbwa, kisha Proteus mirabilis, Klebsiella na jamaa wa Enterococcus. Hawa ni wenyeji. Hawakuvuka mpaka wala hawakuomba viza. Wengi wao wametoka kwenye utumbo au ngozi ya mbwa huyohuyo wanayemuugua. Samahani, anayewaugua. Mtoto wa nyumbani akifanikiwa nyumbani, kwa nini tusimpongeze?

Sifa ya kwanza ya Mzee Koli ni ushupavu. Mkojo unashuka, yeye anapanda. Mbwa mwenye afya ana ulinzi mzuri: kila akikojoa, wavamizi husombwa na kutupwa nje. Mzee Koli amelijua hilo, akajiandaa. Ana mikia ya kuogelea, na mwili wake umejaa vijinywele ambavyo ncha zake hunasa sukari ya manosi iliyo juu ya ukuta wa kibofu. Akishanasa, mafuriko yanapita naye yupo. Kwa mbwa jike kazi ni nyepesi, kwa sababu mrija wa mkojo ni mfupi na mpana; ndiyo maana majike huugua zaidi. Kwa dume mrija ni mrefu na mwembamba, lakini mzee haogopi masafa. Akifika juu anaweza kujichimbia kwenye tezi dume, mahali ambapo dawa nyingi hupenya kwa taabu.

Sifa ya pili ni uchapakazi. Maabara, penye chakula cha kutosha na joto la mwili, Mzee Koli hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Chukueni kalamu. Mmoja akianza kazi saa mbili asubuhi, mkifika saa kumi jioni watakuwa zaidi ya milioni 16. Ndani ya kibofu mambo huenda polepole kuliko hapo, nakubali, lakini niambieni ni mtumishi gani mwingine anayerudi nyumbani jioni akiwa ameacha kazini hata pacha wake mmoja wa ziada.

Sifa ya tatu ni ujenzi, na hapa inabidi Mzee Koli akae awapishe vijana wake, kwa kuwa fundi hapa si yeye. Staphylococcus na Proteus wana kimeng'enya kinachovunja yurea ya mkojo na kutoa amonia. Mkojo unapoteza asidi yake, na magnesi, amonia na fosfeti zinashikana kuwa chembe, chembe zinakuwa kokoto, kokoto zinakuwa mawe ya struvaiti. Kwa mbwa, mengi ya mawe ya aina hii ni kazi ya mikono ya bakteria, kama wangekuwa na mikono. Katika dume, jiwe dogo likiteremka hukwama nyuma ya mfupa ulio ndani ya uume, mkojo ukafungwa, na hapo mwenye mbwa hutoka mbio usiku kutafuta daktari. Mawe haya yalipewa jina mwaka 1845 huko Hamburg na Georg Ludwig Ulex, kumuenzi Heinrich von Struve, mwanadiplomasia aliyependa elimu ya madini. Mwanadiplomasia kapewa jiwe zima. Fundi aliyelijenga hakupewa hata kokoto.

Sifa ya nne ni utumishi kwa umma. Mbwa mwenye kisukari hushambuliwa kirahisi na maambukizi ya kibofu. Hilo Mzee Koli analikiri bila kupepesa. Lakini mwaka 1978 ndugu zake wa maabara huko Marekani walipandikizwa maelekezo ya jeni wakatengeneza insulini ya binadamu, na mwaka 1982 dawa hiyo ikaruhusiwa kuuzwa. Tangu hapo ukoo huo umewahudumia wagonjwa wengi wa kisukari duniani. Ni familia chache zinazoweza kuleta tatizo kwa mlango mmoja na dawa kwa mlango mwingine bila kuitwa mbele ya tume.

Sifa ya tano ni staha. Wapo bakteria wanaoishi ndani ya kibofu cha mbwa bila kumsumbua: hajikamui, hatoi damu, anakula na kucheza kama kawaida. Miongozo ya kimataifa ya madaktari wa mifugo ya mwaka 2019 inasema mbwa wa namna hiyo kwa kawaida asipewe dawa, aachwe. Watafiti wamejaribu hata kuweka aina pole ya Mzee Koli kwa makusudi kwenye vibofu vya mbwa wanaougua mara kwa mara, ili ikalie nafasi ya zile korofi. Wengi wetu tuna majirani tusioweza kuwasemea hivyo.

Ndugu zangu, mafanikio yote haya yasingefikiwa bila wafadhili, na wafadhili ni sisi. Naomba niwatambue.

Mfadhili wa kwanza ni yule anayemfungia mbwa bandani tangu alfajiri hadi magharibi, sufuria la maji likiwa kavu. Mbwa aliyefundwa hakojoi anapolala. Atabana mpaka afunguliwe. Kwa saa zote hizo hakuna mafuriko, na Mzee Koli anafanya kazi bila usumbufu.

Mfadhili wa pili ni mwenye fimbo. Mbwa aliyekuwa na adabu miaka yote anaanza kuchuchumaa barazani kila baada ya dakika chache, anatoa matone, anajikamua, anajilamba, na mkojo una rangi ya damu. Hiyo ni taarifa kamili ya ugonjwa, imewasilishwa bila malipo. Sisi tunaipokea kwa fimbo na kumwita mbwa kiburi. Kwa kipigo hicho Mzee Koli hupata wiki nzima ya ziada.

Mfadhili wa tatu, na mkubwa kuliko wote, ni mwenye kabati la mabaki. Anavyo vidonge vinne vya mtoto aliyepona kikohozi, na viwili vya shangazi. Anakisia kipimo, anampa mbwa siku mbili, damu inakata, vinavyobaki vinarudi kabatini kumsubiri mgonjwa mwingine. Bakteria dhaifu wamekufa. Walio imara wamebaki na kibofu kizima kwa ajili yao. Isitoshe, Mzee Koli si mchoyo wa elimu: maarifa ya kuishinda dawa huyabeba kwenye kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plasmidi, na humgawia jirani yake, hata asiye wa ukoo wake. Watafiti wamewahi kukuta koo zilezile za Mzee Koli kwa mbwa na kwa watu wa nyumba moja. Kwa hiyo ufadhili tunaoutoa bandani unaweza kurudi sebuleni ukiwa na riba.

Nikiri kuna mtu mmoja ambaye kamati ya maandalizi iliamua asialikwe. Huyu akiona matone barazani hashiki fimbo. Anampeleka mbwa kwa daktari. Daktari naye ni wa aina hiyohiyo: anavuta mkojo kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye kibofu kupitia ukuta wa tumbo, ili usichanganyike na uchafu wa nje, anautunza kwenye baridi, anaupeleka uoteshwe, kisha anaandika dawa inayomfaa bakteria aliyeonekana. Kwa ugonjwa wa kawaida wa kibofu, siku tatu hadi tano mara nyingi zinatosha, na mwenye mbwa anazitimiza zote, kwa saa zake. Ugonjwa ukirudi mara ya tatu ndani ya mwaka, hawaongezi tu vidonge. Wanauliza kuna nini nyuma yake: kisukari, mawe, figo, au tezi dume. Wakati wote huo maji ya mbwa hayakauki, na lango la banda linafunguliwa mara kadhaa kwa siku.

Kwa mtu wa namna hiyo Mzee Koli hana neno la shukrani, na mimi kama msemaji wake siwezi kumtungia. Ninyi wengine, karibuni mezani, chakula kipo tayari. Walioacha mbwa wamefungwa nyumbani wasiwe na haraka. Majina yao tumeshayaandika juu kabisa kwenye orodha ya wafadhili.