Tela la Mtambo wa Mvuke: Njia za Mkato za Kuonekana Mjuzi

Hongera, umeshapata mtambo. Ni trekta dogo la mvuke, nakala ya yale ya Burrell wa Thetford au Foster wa Lincoln, lenye dohani nyeusi na shaba iliyosuguliwa mpaka unajiona sura. Sasa limekaa gereji, na maonyesho yako kwenye uwanja wa nyasi huko Dorset au Norfolk, kila kiangazi. Usipolifikisha huko, hakuna atakayekusifu. Na unataka kusifiwa. Usinifiche, rafiki yangu, sote tuko hivyo, na si dhambi.

Kwa hiyo unahitaji tela, na mimi nitakufundisha kudanganya. Watu wadanganye kadiri upendavyo. Uzito, breki na maji ya boila usivijaribu.

1. Usimwulize muuzaji uzito.

Atakutajia uzito mzuri, kwa sababu anataka mtambo uondoke kwake. Wewe jibu kwa hesabu, naye atakuheshimu papo hapo. Mitambo hii hutajwa kwa inchi kwa futi. Wa inchi 4 ni theluthi ya mtambo halisi kwa urefu, theluthi kwa upana na theluthi kwa kimo, hivyo uzito unagawa kwa 27: mtambo wa tani 10 unashuka hadi kilo 370 hivi. Wa inchi 6 ni nusu, unagawa kwa 8, na tayari umevuka tani moja.

Hesabu hiyo itaje kwa sauti, ila tela usilinunulie. Mtambo mdogo kwa kawaida huwa mzito kuliko hesabu, kwa kuwa mafundi huongeza unene wa mabamba ya boila ili yastahimili kutu na kulehemu. Njia ya mkato ya kweli ni hii: kodi tela kubwa la mtu kwa siku moja, pitia mizani ya malori, pima tela likiwa na mtambo, kisha likiwa tupu. Rudi nyumbani na karatasi. Halafu ongeza maji (lita moja ni kilo moja), makaa, zana, na lile sanduku la spana unaloapa kwamba ni jepesi.

2. Soma kibao cha tela kabla ya kusoma bei.

Wengi huanguka hapa, tena watu wenye akili. Nchini Uingereza tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, au nusu ya uzito wa gari lako tupu, kipi kiwe kidogo. Mtu ana mtambo wa kilo 600, anaona 750, anafurahi, analipa. Kilo 750 ni za tela pamoja na mzigo. Tela lenyewe likiwa na kilo 200, mzigo wako umebaki 550, na furaha imekwisha.

Nunua lenye breki, basi. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari huko Uingereza anaruhusiwa kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, mradi gari lake lina uwezo huo. Uwezo wa gari nao umeandikwa kwenye kibao chake. Kisome siku hiyohiyo.

Ukitaka kuonekana bingwa mbele ya muuzaji, usipige teke tairi kama wengine. Inama, shika ule waya mwembamba ulio karibu na mkono wa breki, uliza unafungwa wapi. Tela likichomoka njiani, waya huo huvuta breki kwanza, kisha hukatika. Usikubali lenye waya uliochakaa.

3. Nunua urefu usiouhitaji.

Utaambiwa tela fupi linatosha. Likatae. Mtambo wa mvuke una uzito mwingi nyuma, kwenye tanuri na magurudumu makubwa. Ukiupakia pua mbele, uzito wote unaelemea mkia wa tela, na tela lililoelemewa mkia huanza kuyumba kama samaki likishika kasi. Unahitaji nafasi ya kuusogeza mtambo mbele mpaka pua ya tela ilielemee gari kidogo, kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wote, bila kuvuka kiwango cha gari lako. Kipimo si lazima ukinunue. Chukua ile mizani ya bafuni ambayo hutaki kuiona, iweke chini ya pua ya tela na kipande cha gogo, usome. Ukisharidhika, weka alama ya rangi sakafuni mahali magurudumu yaliposimama. Safari ijayo utaegesha kwa mara moja, na watazamaji watadhani ni kipaji.

Urefu una zawadi nyingine: tela refu hurudi nyuma kwa upole, ilhali fupi hukunjika kabla hujageuza shingo. Ekseli mbili pia hutulia zaidi barabarani kuliko moja. Bado huwezi kurudisha nyuma? Shika usukani chini kabisa. Mkono uuelekeze upande unaotaka mkia wa tela uende. Hata hilo likikushinda, fika uwanjani alfajiri.

4. Rampu ndizo zitakazokuumbua.

Hapa nisikilize kwa moyo wote. Ndani ya boila, juu ya tanuri, kuna paa la chuma ambalo lazima lifunikwe na maji muda wote moto ukiwaka. Mtambo ukiinamisha pua, maji hukimbilia mbele na paa linabaki wazi. Plagi ya risasi iliyowekwa hapo itayeyuka ili kukuokoa, na maonyesho yako yataishia hapo. Ndiyo maana ukiwa na mvuke unapanda pua mbele na unashuka kinyumenyume: pua inabaki juu, maji yanabaki juu ya tanuri.

Njia ya mkato iliyo bora kuliko zote ni kutopanda kwa mvuke kabisa. Chagua tela lenye mahali pa kufungia winchi, uuvute mtambo ukiwa baridi. Hutokwi jasho, na chuma hakitelezi. Rampu ziwe ndefu. Zikiwa fupi pembe inakuwa kali, na sehemu ya majivu chini ya tanuri itakwaruza ukingo wa tela mbele ya kadamnasi. Sakafu iwe ya kukwaruza, kwani magurudumu ya chuma kwenye bamba lililolowa hayana adabu.

5. Funga kwa kiburi.

Hesabu pete za kufungia kabla hujalipa. Mikanda ipite kwenye ekseli na fremu, kamwe isishike mabomba wala vifaa vya boila, hata kama vinaonekana imara. Ekseli ya mbele huongozwa kwa minyororo na minyororo hulegea, kwa hiyo ifunge peke yake na utie kabari pande zote. Dohani ifunike: mvua ikikutana na masizi hula chuma.

6. Tembea polepole, kisha sema ni heshima kwa historia.

Ukivuta tela, kikomo ni maili 50 kwa saa kwenye barabara ya kawaida na 60 kwenye barabara kuu, na kwenye barabara kuu yenye njia tatu usiingie ya kulia kabisa. Foleni itakuwa nyuma yako. Mtu akilalamika ukifika, msimulie sheria ya 1865: mitambo hii ilipewa maili 4 kwa saa mashambani na 2 mjini, na mtu wa miguu alitangulia mbele na bendera nyekundu. Akianza kucheka, mpe kitambaa asugue shaba. Wewe shusha rampu.