Albamu ya Kwanza ya Casey Abrams: Mambo Saba ya Kubishania, Kuanzia la Mwisho

Msimu wa 10 wa American Idol, shindano la uimbaji la televisheni ya Marekani, mwaka 2011, ulikuwa na mshindi wake, akapewa maua yake. Mimi ninayempigia debe ni mwingine: Casey Abrams, kijana wa miaka 20, mpiga besi, mpenda jazi. Albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina lake, ilitoka Juni 2012. Ni jazi iliyofunga ndoa na pop, na ndoa hiyo ina vituko. Nimevipanga kutoka namba 7 hadi namba 1. Mpangilio umepitishwa kwa kauli moja, maana mpiga kura alikuwa mmoja. Rufaa zinapokelewa.

7. Ndevu

Tuanze na kilichoonekana kabla hajafungua mdomo. Ndevu nyekundu, zimejaa, kwenye uso wa miaka 20! Televisheni hupenda nyuso zilizonyolewa zikang'arishwa. Huyu akapanda jukwaani kama aliyetoka kupiga kambi msituni wiki mbili. Watu wakacheka, kisha akaimba, wakanyamaza.

*Hukumu:* Haziimbi wala hazipigi ala, ndiyo maana ziko mkiani. Siku zikijifunza kuimba zitapandishwa daraja.

6. Nafasi ya sita

Namba imempata mwenyewe. Scotty McCreery alishinda, Lauren Alaina akawa wa pili, na wote wawili ni waimbaji wa kantri. Haley Reinhart, dada mwenye sauti ya kukwaruza, alishika nafasi ya tatu. Casey aliondoka mwishoni mwa Aprili, wa sita, na hakupotea: mwaka uliofuata alikuwa na albamu dukani. Ninyi mnaosema kura ndiyo kipimo, sogeeni karibu tuzungumze. Kura hupigwa na mwenye simu, albamu hupimwa na mwenye masikio.

*Hukumu:* Kantri ilichukua kombe, jazi ikachukua moyo wangu. Sare.

5. Kutimua watu, mara mbili

Kibao kilichotangulia kuitangaza albamu kinaitwa "Get Out", yaani toka hapa. Ndani ya albamu hiyo hiyo kuna "Hit the Road Jack", wimbo ulioandikwa na Percy Mayfield na kuvumishwa na Ray Charles mwaka 1961, ambamo mwanamke anamfungashia virago mwanamume. Na anayetuimbia haya yote ni mtu ambaye majaji walikataa katakata kumtoa mashindanoni! (Habari hiyo iko namba 3, usiruke.)

*Hukumu:* Aliyeponea kutimuliwa ndiye anayejua kutimua.

4. Lebo yenye ukoo

Albamu ilitoka Concord, lebo ya California iliyoanza miaka ya 1970 kwa ajili ya jazi. Mwaka 2004 lebo hiyo ilitoa "Genius Loves Company" ya Ray Charles, muda mfupi baada ya mzee kufariki, na mwaka uliofuata albamu ikazoa Grammy 8, ikiwemo ya albamu bora ya mwaka. Casey akaingia nyumba hiyo hiyo akiwa na wimbo wa Ray Charles mkononi. Huko ndiko kubisha hodi kwa adabu. Haley yeye alikwenda lebo ya Interscope, na "Listen Up!" yake ikatoka Mei 2012, mwezi mmoja kabla ya ya Casey.

*Hukumu:* Interscope ina mifuko, Concord ina ukoo. Wenye hoja ya mifuko waje na risiti.

3. Daktari asiyehitajika

Machi 24, 2011, Casey alipata kura chache kuliko wenzake. Kanuni ya shindano wakati ule: anayetolewa aliimba tena, na majaji walikuwa na fursa moja tu ya kuokoa mtu kwa msimu mzima. Sasa tazama wimbo aliouchagua: "I Don't Need No Doctor", wa Ray Charles, kwa mara nyingine. Mwimbaji anajigamba kuwa hahitaji daktari, ilhali msimu ule ule Casey alilazwa hospitali kwa ugonjwa wa utumbo mpana! Hakufika hata mwisho. Majaji Randy Jackson, Jennifer Lopez na Steven Tyler walimkatiza katikati ya wimbo: inatosha, unabaki. Akapigwa na butwaa, miguu ikakosa nguvu. Wiki iliyofuata deni likalipwa, wakatolewa wawili kwa mpigo, Naima Adedapo na Thia Megia.

*Hukumu:* Wimbo wa kumkataa daktari ndio uliomponya. Ray Charles ndiye tabibu.

2. Besi kubwa la kusimama

Hapa ndipo ugomvi utakapozuka, kwa sababu wengine mtasema hili ni namba 1. Msikilizaji wa taarabu asilia ya Zanzibar analijua vizuri: ni lile linalosimama nyuma ya wapiga fidla, refu kama mtu mzima. Usiku Casey alipoimba "Nature Boy", wimbo uliovumishwa na Nat King Cole mwaka 1948, alilikumbatia begani, vidole vikivuta nyuzi nene mmoja mmoja, macho yamefumba, na sauti yake ikiifuata besi hatua kwa hatua. Mlinganishe na Ray Quinn, aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Leona Lewis katika X Factor, shindano la uimbaji la Uingereza, mwaka 2006. Albamu yake ya nyimbo za swing za zamani, "Doing It My Way", ilipanda hadi namba 1 Uingereza mwaka 2007. Safi sana! Lakini Quinn anasimama mbele ya bendi, Casey yumo ndani ya bendi.

*Hukumu:* Quinn ana chati, Casey ana nyuzi. Nachagua nyuzi.

1. Haley Reinhart anapoingia

Ndiyo, kilele cha albamu ya Casey ni pale anapompisha mwenzake. Walianza mashindanoni kwa "Moanin'", utunzi wa Bobby Timmons uliorekodiwa na Art Blakey na Jazz Messengers mwaka 1958. Hebu fikiria: usiku wa matokeo, mamilioni ya watu sebuleni wanasubiri kujua nani anarudi nyumbani, na vijana wawili wanawamwagia jazi ya nguvu, wakipokezana sauti bila maneno. Kisha kwenye albamu wakakutana tena katika "Hit the Road Jack". Haley anakwaruza, Casey anabembeleza, na kila mmoja anamchokoza mwenzake aende mbali zaidi. Jazi ni mazungumzo, na hawa wanazungumza kweli.

*Hukumu:* Peke yake Casey ni mwanamuziki mzuri. Akiwa na Haley, ni sababu ya kuongeza sauti ya redio.

Basi, rufaa ziko wazi. Sharti ni moja: sikiliza "Hit the Road Jack" yao mwanzo hadi mwisho, kwa spika zenye besi, si kwa simu iliyo mfukoni. Ukimaliza na bado unaona ndevu zinastahili namba 1, njoo tubishane.