Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Watunzi wa Kanuni za Rufaa

Waheshimiwa,

Twawashukuru kwa Kanuni za Mahakama ya Rufaa za mwaka 2022, zinazompa aliyeshindwa siku 14 za kutoa taarifa ya rufaa, na siku 60 baada yake za kuleta rekodi iliyotimia, na kumwagiza aeleze sababu zake kwa muhtasari, bila hoja wala masimulizi. Agizo la busara, madhali mtu aliyenyang'anywa kiwanja huwa hana la kusimulia.

Rekodi haitimii bila mwenendo wa kesi uliopigwa chapa, nao uko mikononi mwa masjala. Karani hufungua daftari, akapitisha kidole juu ya majina, akalifunga, akamwambia ajuza wa Garba Tulla: "Mama, faili haijachapwa, rudi wiki ijayo." Muda ukipita, hunusurika bila ombi la kuongezewa muda yule tu aliyeomba nakala kwa barua ndani ya siku 30, akampelekea mpinzani wake barua hiyo, kisha akapewa na msajili cheti cha kuchelewa; wengine huhesabiwa kuwa wameiondoa taarifa yao ya rufaa wenyewe.

Kanuni hiyo tumeipenda mno, hata twaomba masjala nayo, ikifika siku ya 61 pasi na kutoa mwenendo, ihesabiwe imejiondoa: karani ahesabiwe hayupo ijapokuwa ameketi, muhuri wake uhesabiwe hauna wino, na chai yake, ijapokuwa yafuka moshi mbele ya macho yetu, ihesabiwe haikumiminwa. Akitaka kurudishiwa kiti, na alete ombi la kuongezewa muda, lenye kiapo kinachoeleza kila siku aliyokawia, lililojalidiwa, kurasa zikiwa na nambari zinazofuatana, na amfikishie nakala ajuza wa Garba Tulla popote alipohamia na mbuzi wake; na iwapo ukurasa mmoja utakosa muhuri, ombi litupwe, gharama juu yake.

Twaomba pia Nyeri, penye Mahakama ya Rufaa, isogezwe karibu, na mashine ya nakala ya masjala ipone.

Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kiliagiza haki itolewe bila kuelemea mno ufundi wa taratibu. Mmekisoma? Watu wamepoteza ardhi ya baba zao pasi na jaji yeyote kuwaambia hawana haki nayo. Wameambiwa wamechelewa, na waliowachelewesha ndio waliozigonga muhuri karatasi zao. Ni dhulma, wala haina jina jingine.

Mtuwie radhi, waheshimiwa. Kalamu imeingia katika masimulizi, nayo mmeyakataza. Jawabu tutalipokea kwa hishima ndani ya siku 14. Likikawia, liambatishwe cheti.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Isiolo