Jinsi ya Kuwa Mgeni Msumbufu Mkutanoni

Barua imefika. Umeteuliwa kuwawakilisha vijana wa nchi yako kwenye kongamano la ASEAN, ile jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Tiketi wamelipa waandaaji, hoteli wamelipa wao, posho ipo, na siku ya pili umetengewa dakika chache za kuzungumza mbele ya mawaziri. Hongera sana. Sasa kaa chini ujifunze usumbufu, maana wageni watulivu wamekwisha kupigwa picha za kutosha. Mwongozo huu ni wa kijana wa Manila, Kuala Lumpur au Dili. Kijana wa Arusha naye ruksa kuchungulia, kwa kuwa huko nako makongamano ya namna hii yapo.

Anza na umri. Ukifika mapokezi, kabla hujavaa kitambulisho shingoni, uliza: humu ndani kijana ni nani? ASEAN inahesabu kuanzia miaka 15 hadi 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006. Sheria ya Indonesia ya 2009 inasema 16 hadi 30. Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa 2015, linasema 18 hadi 29. Sera ya Nepal inakwenda mpaka 40. Malaysia nayo ilikuwa 40 mpaka bunge liliposhusha kikomo hadi 30 mwaka 2019, na hata hapo vyama vya vijana vikapewa muda hadi 2026 kubadili viongozi wao. Mtu wa miaka 39 ana mengi ya kusema kuhusu ada za wanawe. Wewe wa miaka 19 unadaiwa ada zako mwenyewe. Kwa hiyo simama, waombe wote walio chini ya miaka 25 wanyooshe mikono, uwahesabu kwa sauti, kisha udai hesabu hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Halafu idai rasimu. Hapa ndipo vijana wengi wanapopotezewa wakati. Unafikiri utasema, mawaziri watasikia, kisha waende kuandika. Mambo hayaendi hivyo. Mawaziri wa vijana wa ASEAN wamekuwa wakikutana tangu 1992, na kabla yao hukutana maofisa waandamizi, wao ndio wanaovutana juu ya kila neno. Wewe unaposhika kipaza sauti, tamko la pamoja limeshaandikwa na linasubiri kusomwa. Na kwa kuwa Katiba ya ASEAN, iliyoanza kutumika Desemba 2008, inataka uamuzi upatikane kwa mashauriano na maafikiano, nchi moja tu ikigoma sentensi inaondoka. Sentensi yako basi haiwezi kuokolewa ukumbini. Huokolewa miezi kadhaa nyuma, nyumbani kwenu, kwenye meza ya ofisa wa wizara ambaye jina lake haliandikwi popote. Mtafute huyo. Waziri anasaini, huyo ndiye anayeandika. Mpelekee sentensi moja yenye tarakimu na tarehe ndani yake, kwa mfano kwamba kila serikali itatangaza kila mwaka idadi ya vijana walio nje ya shule na nje ya ajira. Neno kama “kuwawezesha vijana” atalipitisha bila kulisoma. Tarakimu itamlazimu aende kumuuliza bosi wake, na hapo usumbufu wako umeanza kazi.

Kagua pia ni nani hayupo. Kifungu cha 34 cha Katiba hiyo kinasema lugha ya kazi ya ASEAN ni Kiingereza, kwa hiyo anayeitwa ni kijana wa chuo kikuu cha mjini. Binti anayeshona nguo kiwandani Phnom Penh na mvuvi wa kisiwa cha Flores hujadiliwa na watu wasiowajua, ilhali sera ya hifadhi ya jamii inawahusu wao kuliko yeyote aliyeko ukumbini. Mwaka 2022 aliyekuwa Waziri Mkuu wa Malaysia, Ismail Sabri Yaakob, alipendekeza Kimalay kiwe lugha ya pili ya jumuiya, Indonesia ikakataa. Wewe omba wakalimani. Ukiambiwa haiwezekani, wataje jirani zetu wa mbali kidogo: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipokea Kiswahili, pamoja na Kifaransa, kuwa lugha rasmi mwaka 2021.

Chunguza vilevile aliyekuchagua. Februari 2009, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi huko Thailand, wawakilishi wa asasi za kiraia waliandaliwa kikao kifupi na viongozi. Viongozi wa Kambodia na Myanmar wakakataa kukaa chumba kimoja na wajumbe waliotoka nchi zao wenyewe, na wajumbe hao wakabaki nje. Oktoba mwaka huohuo hali ikawa mbaya zaidi: serikali tano ziliwakataa wajumbe waliochaguliwa na wenzao, na baadhi zikaleta watu wao mahali pao. Ikiwa wewe umeteuliwa na wizara, kubali safari, lakini kabla ya kuondoka nenda kwa wale ambao wizara haikuwataka, ubebe madai yao kwa maandishi, na uyasome kama yalivyo.

Sasa tuje kwenye fedha, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu Ufilipino imefanya jambo ambalo sioni likisifiwa inavyostahili. Kila barangay, yaani kitongoji, na nchi ile ina takriban 42,000, ina baraza la vijana liitwalo Sangguniang Kabataan. Sheria inalipa baraza hilo asilimia 10 ya mfuko mkuu wa kitongoji. Ni fedha halisi zenye mstari wake kwenye bajeti, na kijana hazipati kwa kumbembeleza mtu. Lakini kwa miaka mingi baraza lilikuwa limeoza. Viongozi wake walikuwa wa miaka 15 hadi 17, watoto mbele ya sheria, kwa hiyo watu wazima ndio walioshika kalamu, na watoto wa wanasiasa walianzia hapo kujifunza ukoo wa madaraka. Ikafika mahali baada ya uchaguzi wa 2010 hapakuwa na mwingine hadi 2018.

Ingawa vijana walikuwa na haki kabisa ya kulizika baraza hilo, walidai lirekebishwe. Sheria namba 10742, iliyosainiwa Januari 2016, ilipandisha umri wa viongozi ukawa miaka 18 hadi 24, ili anayesaini aweze kushtakiwa. Ikawafungia nje jamaa wa karibu wa viongozi waliochaguliwa. Elewa uzito wake: katiba ya Ufilipino ya 1987 inapinga koo za kisiasa, ila bunge, ambalo limejaa koo hizohizo, halijapata kupitisha sheria ya kuzizuia nchi nzima. Sehemu ya kwanza kuwekewa kizuizi hicho ikawa baraza la vijana. Tena vijana wote wa kitongoji wenye miaka 15 hadi 30 ni wajumbe wa mkutano unaopaswa kukutana angalau kila miezi sita, wakiwa na haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi. Wizi haukuisha kwa sababu ya sheria hiyo. Kilichopatikana ni mahali pa kuulizia, tena karibu na nyumbani, na hilo mimi nalithamini kuliko matamko yote yaliyosomwa kwenye mikutano ya ASEAN.

Ukishindwa kwa maneno na kwa bajeti, nenda mahakamani. Malaysia ilikuwa ikipiga kura kuanzia miaka 21. Kampeni ya Undi18, iliyoanzishwa na wanafunzi, iliwabana wabunge wa pande zote mpaka Julai 2019 kura 211 zikabadilisha katiba bila hata moja ya kupinga: kura kwa wenye miaka 18, na kuandikishwa bila kuomba. Watu walishangilia, wakadhani kazi imekwisha. Machi 2021 tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba utekelezaji utasubiri hadi baada ya Septemba 2022. Vijana watano wa jimbo la Sarawak walifungua shauri, na Septemba 2021 Mahakama Kuu ya Kuching ikaamuru serikali itekeleze kabla mwaka haujaisha. Utekelezaji ulianza tarehe 15 Desemba. Katika uchaguzi mkuu wa Novemba 2022 daftari lilikuwa na wapiga kura milioni 21, wakati mwaka 2018 walikuwa chini ya milioni 15.

Wenzako wa Asia Kusini hawana hata ukumbi wa kusumbulia. SAARC, jumuiya iliyoundwa Dhaka mwaka 1985, haijafanya mkutano wa wakuu wa nchi tangu ule wa Kathmandu wa Novemba 2014, kwa ugomvi wa India na Pakistan. Vijana wa huko wamesemea barabarani, na bei yake inaniuma kuiandika. Bangladesh, mwaka 2024, walianza kwa kupinga mgawanyo wa ajira za serikali. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa huenda hadi watu 1,400 waliuawa katika machafuko hayo, na Waziri Mkuu Sheikh Hasina akakimbia nchi tarehe 5 Agosti. Nepal, Septemba 2025, serikali ilifunga mitandao ya kijamii, vijana wakatoka, zaidi ya watu 70 wakafa, na Waziri Mkuu K. P. Sharma Oli akajiuzulu ndani ya siku mbili. Atakayekuambia usumbufu wako ukumbini ni utovu wa adabu, msomee idadi hizo.

Basi chai ya saa nne ikifika, usijipange kwenye foleni ya kupiga picha na waziri. Mtafute mjumbe wa Timor Mashariki. Nchi yake iliingia ASEAN Oktoba 2025, ikawa mwanachama wa 11. Keti naye. Mfilipino ampe nakala ya sheria namba 10742 na amwonyeshe kifungu cha asilimia 10 na kile cha jamaa wa karibu. Mmalaysia ampe hukumu ya Kuching. Yeye awaulize mliposhindwa, nanyi mjibu kwa ukweli. Mkibadilishana namba za simu, andikeni na tarehe ya kuulizana nani amefikia wapi.