Barua ya Wazi: Ombi la Kuisajili Kompyuta ya Chaki

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya shule za msingi, kuanzia Kinshasa hadi Beni.

Kompyuta inayofundishwa katika shule nyingi za msingi za Kasindi, hapa mpakani na Uganda, ina sehemu nne: skrini, kibodi, kipanya na waya. Zote huchorwa kwa chaki. Mwalimu huanza na skrini kwa kuwa rula ipo. Kibodi hula nusu ya kipindi, na mara nyingi kengele hulia akiwa bado anahangaika na safu ya juu, ile inayoanza na A, Z na E. Kipanya huja mwisho, kwa haraka, na hutoka kikubwa kuliko skrini. Watoto hunakili, hutaja majina ya sehemu kwa sauti moja, kisha hupewa alama. Buleti, ile karatasi ya alama, ina mstari wake wa Teknolojia, na mstari mtupu humletea direkta wa shule maswali.

Haki itendeke: mashine hii ina sifa zake. Haili umeme. Haihitaji intaneti. Saa iliyochorwa pembeni mwa skrini haiyumbi, wakati simu za hapa mpakani zikinasa mtandao wa Uganda huruka mbele saa nzima. Tena haiibiwi. Katika eneo la Beni, ambako watu hukimbia usiku na godoro kichwani, hilo si jambo dogo; hakuna kundi lenye silaha lililowahi kupora kompyuta ya chaki.

Kwa sababu hizo, Waheshimiwa wanaombwa kwa unyenyekevu waisajili rasmi kama mali ya Serikali. Ipewe namba, iandikwe kwa rangi ya mafuta kwenye kona ya ubao. Ije delegesheni kuikabidhi, utepe ukatwe mbele ya ubao, hotuba isomwe hadi watoto wa mstari wa nyuma wasinzie, na picha ipigwe kabla mtu hajaegemea skrini kwa bega na kuondoka nayo kwenye koti. Ateuliwe fundi wa matengenezo, kwa barua yenye mihuri miwili, wa kurudishia herufi zilizofutika. Vipuri vyake ni boksi la chaki nyeupe, pamoja na chaki moja nyekundu ya kuchora taa ya kuwashia, ili mkaguzi akifika aikute imewaka. Yeyote atakayefuta kibodi ili afundishe kugawanya ajaze kwanza fomu ya kuzima mashine, nakala tatu. Mtandao nao usisahauliwe: mstari wa chaki utoke darasa la tano, upite ukutani hadi ofisi ya direkta, kisha ufuate Barabara ya Taifa namba 4 kilomita zipatazo 80 mpaka Beni, wachoraji wakisindikizwa na askari. Mvua ikinyesha, itangazwe kwamba mtandao uko chini. Walimu wapewe semina ya siku tatu juu ya haya yote, posho ikiwezekana ilipwe kwa noti za kweli.

Hata hivyo ni vema Waheshimiwa wajue hatari iliyopo. Mwaka 2018 huko Ghana, mwalimu Richard Appiah Akoto alichora ubaoni dirisha zima la programu ya Microsoft Word, na vitufe vyake vyote. Picha zilisambaa duniani, na haukupita muda kompyuta za kweli zikapelekwa shuleni kwake. Walimu wa Kasindi waonywe wasichore vizuri kupita kiasi. Kenya nayo isitolewe mfano mbele ya wazazi, maana kuanzia mwaka 2016 serikali yake ilipeleka tableti kwa watoto wanaoanza shule ya msingi. Hata waliozicheka walizicheka wakiwa wamezishika.

Somo la zana za kawaida linakwenda mwendo huohuo. Nyundo huchorwa ubaoni wakati nyundo ya seremala wa jirani inasikika kupitia mbao za ukuta. Msumeno huchorwa, mizani huchorwa, mbele ya watoto ambao mama zao hupima kakao kwa mizani kila juma. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja, watoto haohao huagizwa waje na jembe na panga kutoka nyumbani, wafyeke uwanja. Kesho yake panga hufundishwa kwa mchoro. Seremala alipwe nusu saa aje na zana zake, basi.

Lililo gumu kuvumilia liko barabarani. Malori yanayotoka Mombasa kupitia Kampala huvuka mpaka wa Mpondwe na kuingia Kasindi, na baadhi yamebeba maboksi yenye picha za kompyuta, yakielekea madukani Butembo. Duane, yaani forodha, huandikisha mizigo kwa kompyuta. Nchi hii huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na betri za kompyuta nyingi zinaihitaji. Mtoto wa Kasindi amezaliwa katika nchi ya mashimo hayo, anakulia kando ya maegesho ya malori hayo, halafu anapewa chaki na kuambiwa ndiyo hiyo. Hiyo ni dharau, na wanaoitia sahihi wanajua. Watoto wao hawachorewi. Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ya umma ni bure, na mwaka 2019 bure hiyo ikaanza kutekelezwa. Kwa somo hili ahadi imetimia barabara, kwani Serikali yenyewe haijatoa kitu. Gharama inakuja baadaye, mwanafunzi mwenye alama nzuri za Teknolojia anapofika chuoni Butembo, akakiinua kipanya hewani na kukielekeza kwenye skrini kama rimoti, na darasa zima likacheka.

Barua inarejea kwenye adabu yake. Maombi yaliyobaki ni madogo. Kila shule ipewe kompyuta moja iliyokufa, ambayo watoto wataifungua kwa bisibisi na kuona feni, nyaya na vumbi. Kibodi mbovu chache zitolewe kwa ajili ya vidole. Paneli moja ya sola, kwa kuwa jua la bonde la Semliki halijawahi kugoma. Asubuhi moja kwa mwaka, darasa la sita liruhusiwe kusimama kimya nyuma ya karani yeyote wa mpakani na kutazama herufi zikitokea.

Wakatabahu, wazazi wa Kasindi.

Nakala kwa taarifa: enspekta, karani wa duane aliye tayari kutazamwa, seremala wa jirani, ambaye bado hajalipwa ile nusu saa.