Tumbo Langu, Mali ya Mtaa

Ukitaka kujua mtaa wenu una waganga wangapi, sema una vidonda vya tumbo. Mimi niliropoka mara moja tu, kwa muuza supu wa Mbagala, nilipokataa ndimu na pilipili. Kabla sijamaliza chapati, fundi cherehani alishaniagiza mbegu za papai, mama wa genge asali na mtindi, na bodaboda mmoja aliyekuja kuomba kiberiti tu akaapa kwa shubiri. Jioni shangazi akapiga simu kutoka Tanga: "Nasikia unakufa."

Mwenyewe nilikuwa najitibu kwa maziwa. Usiku moto ukiwaka chini ya kifua, napiga glasi moja, unazima, nalala. Saa nane unarudi na hasira. Baadaye nikaja kuelezwa kwamba maziwa hutuliza kwa muda tu, kisha hulichochea tumbo litoe asidi zaidi. Kumbe nilikuwa nazima moto kwa petroli nyeupe.

Shangazi alishuka na basi la asubuhi, kabichi mbili kirobani. Juisi ya kabichi mbichi, kikombe kimoja kutwa mara tatu. Simcheki, maana mwaka 1949 daktari Garnett Cheney wa California alichapisha habari za wagonjwa wa vidonda aliowanywesha juisi hiyohiyo. Ila sidhani kama wale wagonjwa walipanda nayo daladala.

Siku ya tatu nilibeba dozi ya mchana kwenye chupa ya soda, mfuniko nimeukaza barabara. Juisi yenyewe ilikuwa ya tangu jana. Foleni, jua, watu tumeshonana. Mtoni kwa Aziz Ali tumbo likaanza kunichoma, nikafungua nionje. Tshwii! Povu la kijani likatua kwenye kipara cha mzee aliyekaa mbele yangu, na harufu ikasambaa hadi kwa dereva.

"Nani huyo kaharibu hewa?" konda akafoka. "Fungueni madirisha!"

Nikainua chupa kujitetea: "Jamani, ni kabichi tu!"

"Tumeshajua ni kabichi," mama mmoja akajibu. "Shuka."

Nikashukia mlangoni pa zahanati, nikaona ni ishara. Daktari akaniuliza maswali ambayo mtaa mzima haukuuliza. Mgongo unauma? Unameza nini? Diklofenaki ya maumivu, miezi sasa, tena kabla ya kula. Akatikisa kichwa, akanipa kikopo cha kupimia choo. Majibu: bakteria wa vidonda, Helicobacter pylori. Akanisimulia kuhusu Barry Marshall wa Australia, aliyewanywa bakteria hao kwa makusudi mwaka 1984 na ukuta wa tumbo lake ukavimba ndani ya siku chache. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobeli. Kwa hiyo kuna mtu alikunywa kitu kibaya kuliko cha shangazi, akatuzwa!

Nikapewa antibiotiki za aina mbili na dawa ya kupunguza asidi, siku 14, hiyo ya asidi nusu saa kabla ya kula. Mdomo ukawa kama nimelamba misumari, lakini nikamaliza, na kipimo cha marudio kikatoka safi.

Shangazi hakuulizia vidonge. Kabla ya kurudi Tanga alipita genge kwa genge akitangaza kwamba kabichi imeniponya. Juzi mama wa genge kanipandishia bei ya kabichi, na fundi cherehani kabisha hodi, kajishika tumbo, anauliza kama nasaga na maji au bila.