Nililipa Ili Nizame

Masikio bado yananiwaka. Si kwa chumvi ya bahari, ni kwa kicheko cha nahodha mmoja wa Diani, pwani ya Kenya. Aliegemea usukani, akanitazama nikielea na mtungi wa hewa mgongoni, halafu akauliza kwa sauti iliyowafikia watalii wote wa boti ya jirani: "Wee bwana, wenzako washashuka. Mbona wewe huzami?"

Lilikuwa swali la haki. Chini yangu, kiasi cha mita 28, ilikuwa imelala Alpha Funguo, meli ndogo ya uvuvi iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili samaki wapate makao na wapiga mbizi wapate pa kwenda. Ile ni meli. Mafundi waliiunda ielee, na bado ilipotakiwa kuzama ikazama. Mimi natoka Nyamitaba, kwenye milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, ambako inajulikana kwamba mtu wetu akitumbukia majini habari yake imekwisha. Maji makubwa tuliyokulia karibu nayo ni maziwa ya Mokoto, na onyo la kwanza la mtoto ni kukaa mbali nayo. Hakuna aliyetufundisha kwenda chini. Iliaminika kwamba hilo halihitaji mafunzo.

Nilifanya kila nililoambiwa. Nikatoa hewa kwenye jaketi. Jaketi likanywea, mimi nikabaki palepale. Nikainamisha kichwa na kupiga mapezi. Kichwa kikaingia majini, makalio yakabaki juu yakiota jua la kaskazi. Mwalimu akanishika kifundo cha mguu akanivuta. Tukashuka kidogo, tukarudi juu wote wawili. "Toa pumzi!" akapiga kelele. Nikaitoa. Kisha, kwa kuwa bado napenda kuishi, nikavuta nyingine, nikachomoka tena. Baharia kijana akachutama ukingoni mwa boti, akaniuliza kwa adabu zote: "Kaka, ama nije nikukalie?"

Sasa, mambo haya yana elimu yake, na tangu siku ile siwezi kuyaacha. Arkimedesi alikwisha kuyaeleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu kikiwa majini, maji hukisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Lita ya maji ya ziwa ina uzito wa kilo moja. Lita ya maji ya bahari ina gramu kama 25 zaidi, kwa sababu ya chumvi. Mtu na vifaa vyake wakichukua nafasi ya lita 100, bahari inamnyanyua kwa kilo mbili na nusu zaidi ya ziwa, bila yeye kuomba.

Ongeza suti ya mpira. Utauliza suti ya nini katika maji ya nyuzi 28. Mimi pia niliuliza. Maji hunyang'anya mwili joto upesi zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na ukikaa humo muda mrefu utatetemeka hata Diani. Mpira wenyewe umejaa vipovu vidogo vya hewa. Ndivyo vinavyozuia baridi, na ndivyo vinavyokataa kuzama. Kisha ongeza hofu. Mwenye hofu hujaza mapafu na hayaachii. Lita mbili au tatu za pumzi ya ziada ni kilo mbili au tatu za kukurudisha juu. Kwa maneno mengine, mwoga huelea, na baharini siri hiyo haifichiki.

Dawa yake ni risasi. Mvuvi anafunga chubwi kwenye mshipi ili ndoana ishuke. Mpiga mbizi anafunga chubwi zake kiunoni. Kiasi hupimwa kwa kujaribu majini kabla ya safari. Yule aliyenifunga mkanda hakujaribu chochote. Alinitazama mara moja, akaona wembamba wangu, akatia vipande viwili, akageukia mwingine. Hata mbuzi kwetu, sokoni Kitchanga, hushikwa mgongo kwanza.

La kustaajabisha ni kwamba ukishavuka mita chache za mwanzo, ugomvi wote hugeuka. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo ulio sawa na wa anga yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 10 hewa hubanwa ikabaki nusu. Kwenye mita 28, karibu robo. Vipovu vya suti husinyaa, na wewe uliyekuwa ukibembelezwa uzame unaanza kwenda chini bila kuulizwa, mpaka utie hewa kwenye jaketi. Pumzi nazo hupanda bei. Mtungi wa lita 12 uliojazwa vizuri huwa na lita kama 2,400 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika angekaa nao saa mbili nchi kavu. Kule chini, kila pumzi hula karibu mara nne, na saa mbili huwa nusu saa. Hiyo ni kwa mtu mtulivu.

Wakaniongezea chubwi mpaka nikashuka. Alpha Funguo niliiona. Nilikuwa nimejichubua kidole kwenye kamba ya boya, na damu iliyotoka ilionekana ya kijani, maana wekundu wa jua haufiki kina kile. Tewa mnene alikuwa ametulia kivulini mwa chuma, mdomo ukifunguka na kufunga. Akanitazama, akaona simhusu. Hewa yangu ikaisha upesi, nikapandishwa.

Kupanda nako, suti ilining'ang'ania mapajani, wakanivua watu wawili.

Siku nyingine, kwenye Dania, meli ya kubeba mifugo iliyozamishwa mwaka huohuo wa 2002 kaskazini mwa Mombasa, nilitapikia ndani ya kipumulio.

Jioni ya siku hiyo nikampigia Mama simu, nikamsimulia nikitaka acheke. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mutoto yangu," akasema, "ulilipa franga juu ya kuzama?"

Nilijua anawaza nini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka katika Ziwa Kivu, karibu kabisa na gati la Kituku, Goma, watu walioko ufukweni wakiiona. Iliripotiwa kubeba abiria zaidi ya 200, mara kadhaa ya uwezo wake, kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga barabara na hapakuwa na njia nyingine. Walikufa makumi ya watu. Wale walikuwa wamelipa nauli wafike.

Hewa ileile iliyonifanya nichekwe Diani ndiyo iliyoishikilia isizame meli ya abiria MV Bukoba ilipopinduka katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996. Waokoaji walipotoboa tumbo lake, hewa ikatoka na meli ikaenda chini. Wapiga mbizi walikuja hata kutoka Afrika Kusini kusaidia kutoa miili. Mwaka 2018 hewa ileile ilimhifadhi fundi Alphonce Charahani ndani ya kivuko MV Nyerere kilichopinduka katika ziwa hilohilo, kwa siku mbili, mpaka wapiga mbizi wakamtoa hai.

Kwa hiyo mimi, niliyelipa nizame, nilivikwa jaketi la hewa, suti inayoelea, na mwalimu wa kunishika mguu. Mama mwenye mabunda ya mboga anayetoka Minova hana hata kimoja. Mgawanyo huo si wa haki, na hauhitaji Arkimedesi kuurekebisha: unahitaji mwenye boti ahesabu watu, na wenye mamlaka wafundishe vijana wa Kituku kupiga mbizi kabla ya msiba, si baada yake.

Nawe unayepanda boti Minova, dai jaketi la kujiokolea kabla ya kutoa nauli. Wakikosa kukupa, rudi nchi kavu na franga zako.